Nilichoma daftari la mwanangu kwa sababu ya jina moja

Bibi, shikamoo.

Mimi ni mama mdogo wa kijana wa miaka 17, yuko kidato cha tatu. Dada yangu alifariki mtoto akiwa darasa la pili. Tangu hapo ananiita mama, na mimi sijui kumwita kingine ila mwanangu. Tunakaa Mbagala, chumba na sebule. Alfajiri nauza vitumbua na chai, mchana nashona.

Mtoto huyu hajawahi kunisumbua. Lakini mwaka huu alianza mambo ya ajabu. Usiku anaweka vidude masikioni anaongea na simu kwa sauti ya chini, Kiingereza na Kiswahili vimechanganyika. Mara anacheka, mara namsikia anasema, "Umeshakufa wewe, subiri." Nikimuuliza anaongea na nani, ananijibu ni wenzake wa shule.

Jumamosi moja nafua sare nikakuta mfukoni vijiwe viwili vya plastiki, vina pande nyingi, vimeandikwa namba. Dadu ya ludo naijua, hii siyo. Moyo ukanidunda, nikafungua begi. Ndani nikakuta kaunta buku limejaa maandishi yake kutoka mwanzo mpaka karibu na mwisho. Mengi sikuyaelewa. Nakumbuka palipoandikwa kwa wino wa njano: "Ndugu wa Ishara ya Njano hukutana saa nane usiku. Asiyelijua jina asiulize." Ukurasa unaofuata kuna jina lenyewe, herufi kubwa, amelizungushia mistari: HASTUR. Chini yake, "Asiyetajwa." Halafu kuna orodha ya wenzake wanne, watoto ninaowajua, wamekula wali kwangu, na mbele ya kila jina namba. Nguvu 60. Akili 75. Bahati 45. Utimamu 55, imekatwa ikaandikwa 48, ikakatwa tena ikaandikwa 41.

Nikamuuliza Hastur ni nani. Akaniambia, "Mama, lisome kimyakimya tu, ukilitamka mara tatu anakuja." Akacheka. Mimi sikucheka, na usiku ule sikulala.

Jirani yangu, tunasali pamoja, akanipeleka kwa mtumishi mmoja. Mtumishi akasema hilo ni jina la mkuu wa giza wa Fremasoni, vijiwe ni vya ramli, na zile namba ni roho za watoto zinavyopunguzwa kidogo kidogo kuelekea kafara. Akataka laki tatu ya sadaka ya ukombozi, na kijana akae kwenye chumba chao cha maombi siku saba bila kula, mlango umefungwa, mimi nisionane naye. Pesa sikuwa nayo siku hiyo. Nikarudi nyumbani na hasira na hofu, nikachukua lile daftari nikalitia kwenye jiko la mkaa, yeye amesimama mlangoni anaangalia.

Hakulia. Alisema tu, "Ilikuwa miezi sita, mama."

Sasa ni wiki ya tatu. Ananipa shikamoo, anapokea chakula, basi. Ijumaa mbili amelala kwa rafiki yake. Bibi, hilo jina ni la nani? Nitafute hiyo laki tatu? Na mwanangu atarudi kuongea na mimi?

Mama mdogo, Mbagala

Marahaba, mwanangu.

Nianze na laki tatu, maana hiyo ndiyo yenye haraka. Usitoe. Na mtoto usimpeleke akafungiwe mlango siku saba bila chakula, hata kama ni bure, hata kama jirani atanuna. Nitalirudia hili huko mbele kwa sababu zake, lakini kama una muda wa kusoma aya moja tu kabla wateja hawajaja, soma hii.

Sasa hilo jina. Kabla ya kustaafu nilifundisha fasihi miaka mingi, na hadithi za kutisha ni ugonjwa wangu wa zamani, kwa hiyo barua yako imeangukia mkono sahihi. Nilipofika kwenye Utimamu 55 iliyokatwa ikawa 48, nilicheka peke yangu, unisamehe. Ule ni mchezo.

Unaitwa Call of Cthulhu, ulitoka Marekani mwaka 1981 na bado unachezwa duniani kote. Ubao hauna, karata hauna. Wanakaa watu wanne au watano, siku hizi hata kwa simu, mmoja anasimulia kisa na wengine kila mmoja anaongoza mhusika wake ndani ya kisa hicho. Mhusika hupewa namba. Ukisema mhusika wako anavunja mlango, unarusha vile vijiwe viwili, kila kimoja kina pande kumi, na kwa pamoja vinakupa namba kati ya 1 na 100. Ikiwa Nguvu yako ni 60 na vijiwe vimetoa 34, mlango umevunjika. Vikitoa 83, mlango umegoma na bega linakuuma. Utimamu ni akili ya mhusika kubaki sawasawa. Kila akiona jambo la kutisha inapungua, na ikifika sifuri mhusika ameshakuwa kichaa, mchezaji anatafuta mwingine. Huyo aliyeambiwa "umeshakufa wewe" alikuwa amerusha vibaya.

Mtumishi hakukuambia jambo moja, pengine kwa kuwa halijui. Katika mchezo huo watoto hawachezi kama wafuasi wa kundi la siri. Wanacheza kama wapelelezi wanaolitafuta kundi hilo ili walizuie: mwandishi wa habari, daktari, mwalimu, askari mstaafu. Kuna hata ujuzi unaoandikiwa namba yake, wa kutumia maktaba, na mara nyingi unafaa kuliko bunduki. Wenzake wanne waliokula wali kwako walikuwa wanawasaka hao Ndugu wa Ishara ya Njano. Mwanao ndiye msimulizi. Yeye ndiye anayetunga kundi, anaficha dalili, anaamua nani yuko nyuma ya mlango wa pili, ili wenzake wapate cha kufumbua Ijumaa usiku. Msimulizi asipokuwa na daftari hana mchezo. Miezi sita aliyoitaja ni kazi ya utunzi, mwanangu, na mimi nimefundisha wanafunzi waliopata alama nzuri za insha bila kuandika hata robo ya hicho.

Na Hastur? Kaa chini, maana kisa chake kinafurahisha.

Jina hilo lilianza kuchapishwa mwaka 1891. Aliyelitunga ni mwandishi wa magazeti wa Marekani, Ambrose Bierce, mzee mkali wa ulimi aliyewahi kupigana vita vya wenyewe kwa wenyewe kule kwao na baadaye akaenda Mexico na asionekane tena. Katika hadithi yake fupi kuna kijana mchungaji wa kondoo anayeishi milimani, na mungu anayemwomba kila alfajiri ndiye Hastur. Ni mungu wa wachungaji. Mpole. Mvua kubwa zinanyesha, mafuriko yanashuka bondeni kwenye miji, na kijana anamwambia mungu wake maneno ambayo mimi huyapenda: nashukuru umenipa mlima karibu, mimi na kondoo wangu tumepona, lakini hao wengine wa bondeni uwaokoe mwenyewe kwa namna nisiyoijua mimi, la sivyo sikuabudu tena. Na Hastur, akijua kijana huyo husema kweli, anayageuza maji yaende baharini.

Basi. Huyo ndiye mkuu wa giza. Mungu wa kwenye karatasi anayetishiwa na mtoto mchunga kondoo, na anatii.

Miaka minne baadaye, 1895, mwandishi mwingine wa Marekani, Robert W. Chambers, aliyekuwa amesomea uchoraji Paris, alitoa kitabu cha hadithi ambamo kuna tamthilia ya kubuni inayowatia wazimu wanaoisoma. Tamthilia yenyewe hakuiandika. Alitoa mistari michache tu huku na huku, akaacha watu watetemeke kwa kile wasichokiona. Alihitaji majina yenye sauti ya kigeni, akachota kwa Bierce. Akachukua Carcosa, ambao kwa Bierce ni mji wa kale katika hadithi ya mtu anayezurura mpaka anakuta kaburi lake mwenyewe. Akachukua Hali, ambaye kwa Bierce ni mwenye hekima anayenukuliwa, akamfanya ziwa! Hastur naye akamtupia humo humo, mara linasikika kama jina la mahali, mara kama la kiumbe, na katika hadithi moja ya kitabu hicho hicho Hastur ni mtumishi anayetunza ndege wa kuwindia kwenye nyumba ya bibi mmoja wa kale huko Ufaransa. Ishara ya Njano iliyomo kwenye daftari ulilochoma nayo inatoka kwenye kitabu hicho.

Halafu akaja H. P. Lovecraft wa Providence. Huyu alimsoma Chambers mwaka 1927, na mwaka 1931 alichapisha katika jarida la hadithi za ajabu kisa kirefu cha viumbe waliojificha milimani. Ndani yake jina Hastur linatokea mara mbili. Mara ya kwanza limo kwenye orodha ndefu ya majina ya kutisha, limepita kama abiria kwenye daladala. Mara ya pili limo kwenye barua ya mhusika mmoja anayesema kuna kundi la siri la watu waovu, na kwamba msomaji mwenye elimu ya mambo hayo ataelewa akilihusisha na Hastur na Ishara ya Njano. Kundi hilo, anasema, linawasaka viumbe hao wa milimani ili liwadhuru. Lakini Hastur ni mtu au mahali au nini, hasemi. Hofu yote iliyomfikia jirani yako imeota kwenye sentensi hiyo moja.

Aliyempa Hastur makucha ni August Derleth, rafiki wa Lovecraft kwa barua. Lovecraft alifariki 1937, na miaka miwili baadaye Derleth akatoa hadithi ambamo Hastur ni jitu la kutisha lenye ugomvi na jitu jingine la baharini. Mwaka 1980 kitabu cha mwongozo wa mchezo mwingine wa aina hii hii kikaweka kanuni kwamba mhusika akilitamka jina hilo anaweza kumvuta mwenyewe aje. Wachezaji wakalifanya utani, na utani ukakua mpaka hiyo "mara tatu" uliyoambiwa sebuleni kwako. Kuna na mwandishi mwingine kabisa aliyelitwaa jina hilo akalipa ukoo wa mabwana katika riwaya zake za sayari ya mbali. Mungu mpole, mahali, mtunza ndege, jitu, ukoo. Fremasoni hawamo hata kwenye kituo kimoja cha safari hii. Hao wa kweli, mkubwa wao hapa Afrika Mashariki kwa miaka mingi alikuwa Andy Chande, mfanyabiashara aliyejulikana na kila mtu, aliyesema wazi kuwa ni mmoja wao, akaandika kitabu cha maisha yake, akafariki 2017.

Nimelitamka jina hilo mara tatu nikiwa naandika, hapa barazani. Amekuja paka wa jirani.

Lakini sikuchezei hofu yako. Mimi ni mtoto wa pwani. Bibi yangu hakuruhusu nyoka atajwe usiku. Ukimwona unasema "kamba", na anayeambiwa anaelewa, anachukua taa. Mwaka 1995 nilikuwa Unguja kikazi uvumi wa Popobawa, lile jini linalosemekana kuwavamia watu usiku, ulipovuka kutoka Pemba, na nimeona kwa macho yangu watu wazima, wenye kazi zao na vyeti vyao, wanatandika mikeka nje wanalala pamoja mpaka kuche. Kilichokuwa kinasemwa ni kwamba anayemkana ndiye anayefuatwa. Kwa hiyo najua jina linavyoweza kumkaa mtu kooni. Na waandishi hao wa Marekani walijua vilevile, ndiyo maana walifanya ujanja wa kutoa jina na kuficha habari. Ukimpa msomaji jitu lenye pembe saba atahesabu pembe, atachoka, atalala. Ukimpa jina tu, ukamwambia wanaojua hawasemi, atakesha akijaza mwenyewe, na atajaza kwa kile anachokiogopa yeye. Wewe ulijaza Fremasoni. Mwanao, nadhani, alijaza kitu kitamu zaidi, kwa sababu yeye alikuwa anajua kuwa chungu ni kitupu na kazi ya kukijaza ni yake.

Kuna jambo moja katika hadithi hizo linanikera kweli, na ningefurahi ukizungumza naye kuhusu hilo kuliko kuhusu mapepo. Lovecraft alikuwa mbaguzi. Katika hadithi yake maarufu kuliko zote, ya mwaka 1928, kundi la siri linaloabudu jitu la baharini limejaa mabaharia na watu wa damu mchanganyiko, wa visiwa vya Karibi na wa Cape Verde, na anawaeleza kwa maneno ya dharau. Kwake, ukitaka kujua waovu wako wapi, tazama rangi. Kijana mweusi wa Mbagala anayetunga kundi lake la siri kwa majina hayo ana swali zuri la kujiuliza: wafuasi wangu mimi ni akina nani? Wanakaa wapi, wana pesa kiasi gani, wanavaa nini Jumapili? Muulize. Ninaweka dau kwamba alikuwa ameshalijibu, na jibu ndilo lililoungua.

Narudi kwa mtumishi. Simjui, na sitamhukumu kwa barua moja. Ila nitakuambia nilichojifunza kwa kusoma habari za makundi ya kweli ya ukanda wetu huu, yale yaliyozika watu. Hakuna hata moja lililokuja na jina kama Hastur. Kule Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliungua ndani ya jengo lao la ibada, na kundi lao lilijiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Kule Shakahola, kaunti ya Kilifi, tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 msituni, wakiwemo watoto wengi, na kanisa walilotoka jina lake kwa Kiswahili ni Habari Njema. Manusura walieleza kwamba walifundishwa kufunga kula mpaka wafe ili wakutane na Bwana. Hapo nani angeshtuka kwa jina? Mama yeyote angempeleka mtoto wake kwenye Habari Njema akiwa amempaka mafuta na kumchana nywele.

Kwa hiyo jina liache, tazama wanachotaka. Wanataka pesa ambayo huna? Wanataka mtu atengwe na nyumbani kwao? Wanamnyima chakula au usingizi, mlango unafungwa, anayeuliza anaambiwa hana imani? Anaweza kutoka akitaka, bila kutishwa? Sasa chukua karatasi, upande mmoja andika mchezo wa mwanao, upande wa pili andika ile programu ya siku saba, halafu jibu maswali hayo mwenyewe. Hutanihitaji mimi.

Imani yako baki nayo. Kama kuna mchungaji unayemwamini, anayekaa na watu bila kuwapimia bei, mweleze, na mtoto akitaka kuombewa aombewe mbele yako, ameshiba. Na ukikutana na yale matangazo yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme, "jiunge na Fremasoni upate utajiri", na namba ya simu chini, hao ni matapeli wa kawaida wanaokula ada ya kujiunga. Huo ndio ufremasoni pekee ninaouona Dar es Salaam ukimgusa mtu wa kipato chako na changu.

Tuje kwa kijana. Hapa sitakuwa laini sana kwako, mwanangu. Ulichoma kazi yake mbele ya macho yake. Ulikuwa na hofu, ulikuwa hujalala, ulikuwa umetishwa na watu wazima wawili wanaojidai kujua, na yote hayo ni kweli, lakini yeye anachokumbuka ni jiko. Mtoto aliyefiwa na mama akiwa mdogo anajua vitu vinavyoondoka havirudi. Ile "ilikuwa miezi sita, mama" haikuwa dharau. Alikuwa anakueleza kipimo cha kilichoungua.

Muombe radhi. Najua kwetu mzazi hamuombi mtoto radhi, anampikia kitu anachokipenda na mambo yanaisha. Safari hii hayataisha kwa pilau. Msubiri jioni mkiwa wawili, simu zote mbili chini, umwambie hivi au kwa maneno yako: nililichoma daftari lako kwa sababu niliogopa, nikasikiliza watu kabla ya kukusikiliza wewe, nimekosea, nisamehe. Ukifika hapo nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe". Akinyamaza, mwache anyamaze, kesho ipo. Akikujibu vibaya, meza.

Siku nyingine, siyo jioni hiyo hiyo, zungumza naye kuhusu zile Ijumaa. Hapo una haki zote za mzazi. Analala kwa nani, mama wa nyumba hiyo unamjua, namba yake unayo? Na kwenye ule mchezo wa simu, mbali na wenzake wanne, kuna mtu mzima asiyemjua ana kwa ana? Mchezo wenyewe sina wasiwasi nao. Mgeni wa umri mkubwa anayeongea na watoto usiku ningependa kumjua jina lake halisi, na hilo umwambie bila kuficha. Waalike wacheze kwako. Chumba na sebule vinatosha; watano wanakaa kwenye mkeka, na wewe ukiwa cherehani utasikia kila kitu. Utasikia na uongo mwingi, wa kutungwa, mzuri.

Ukikaa nao usiku mmoja, omba upewe mhusika. Sema unataka kuwa mama anayeuza vitumbua karibu na nyumba ambamo watu wa njano hukutana saa nane usiku. Mtu wa namna hiyo huona mengi kabla hakujakucha, na mpelelezi yeyote mwenye akili angeanza kwake. Angalia sura ya mwanao utakapolisema hilo.

Jirani atauliza mmefikia wapi. Mwambie mmeshampata Hastur, alikuwa anachunga kondoo.

Na katika ile laki tatu ambayo huitafuti tena, toa elfu chache ukanunue kaunta buku jipya, lile nene. Liweke mezani kwake bila hotuba. Kalamu ya njano ni ngumu kuisoma kwenye karatasi nyeupe, lakini naona yeye ndiyo anayoipenda, basi mchukulie na hiyo.